Kutoka Kisleu Hadi Nisani

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni katika kipindi cha ibada ya jioni. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasikilizaji waliotuomba.)

  Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukitusikiliza. Kama uko njiani, Bwana akufikishe salama. Walio na Biblia karibu nao, tafadhali wafungue kitabu cha Nehemia, sura ya kwanza na ya pili.

Mama mmoja ametuletea barua. Hakutaka tutaje jina lake wala kanisa lake, nasi hatutataja. Mwanawe alifanya mtihani wa kidato cha nne, akapata alama nzuri, akaomba nafasi ya kusomea uhandisi wa umeme katika chuo kikuu. Tangu hapo wanangoja. Asema kijana amekuwa kama mgonjwa. Hula kidogo, simu haitoki mkononi, na mgeni akipiga hodi yeye hutokea mlango wa nyuma ili asiulizwe habari za chuo. Mwisho wa barua mama huyu auliza swali moja: "Je, nimwombeeje mwanangu?"

Hakuuliza kama amwombee. Kuomba anajua. Auliza amwombeeje. Hilo ni swali la mtu aliyekwisha kupiga magoti mara nyingi, na sasa ameanza kusikiliza maneno yanayotoka kinywani mwake mwenyewe. Nami naliona swali hilo kuwa kubwa kuliko nyumba yake, kwa sababu katika kila kanisa linalotusikia jioni hii kuna nyumba moja au mbili, pengine kumi, zilizo katika hali hiyo hiyo.

Kwa faida ya wazee wetu, na tueleze kwanza jambo lenyewe linavyokwenda. Zamani wito ulikuja kwa barua. Katika siku za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya mwaka 1963 na 1970, vijana waliotaka udaktari walielekea Makerere, waliotaka sheria walikwenda Dar es Salaam, na waliotaka uhandisi walikuja Nairobi, katika chuo kilichofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Royal Technical College. Barua ilipitia sanduku la posta la shule, au la misheni, au la mwenye duka sokoni. Kijana aliweza kutembea maili sita kwenda kuuliza, akaambiwa hakuna kitu, akazirudi zile maili sita.

Siku hizi mtoto huomba kwa mtandao, kwa simu yake au katika saiba ya sokoni, kupitia shirika la serikali liitwalo KUCCPS. Shirika hilo liliwekwa na sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012, likaichukua kazi iliyokuwa ya ile bodi ya zamani tuliyoijua kama JAB. Hatazamwi kwa gredi ya jumla peke yake. Huchukuliwa masomo manne yanayohusu kozi aliyoiomba, nayo kwa uhandisi ni hisabati, fizikia, kemia na somo moja zaidi. Alama hizo huunganishwa na matokeo ya mtihani wake mzima, ikapatikana hesabu moja isiyozidi 48. Kisha wote walioomba kozi ile hupangwa mstari mmoja, mwenye alama nyingi mbele, na nafasi hugawanywa mpaka ziishe.

Hapa naomba wazazi wasikie vizuri. Ile alama ya kuingilia ya mwaka uliopita, ambayo watu huitaja kana kwamba imeandikwa katika mbao za mawe, si amri wala si ahadi. Ni alama ya mtoto wa mwisho aliyepata nafasi mwaka ule. Mwaka huu wakija wengi wenye alama za juu, itapanda. Wakija wachache, itashuka. Basi mtoto aweza kuwa amefaulu vizuri kabisa, tena kwa alama iliyomwingiza jirani yake mwaka jana, na mwaka huu akakosa. Hakuanguka mtihani. Waliomtangulia katika mstari wamekuwa wengi. Nimewasikia wazazi wakimkemea mtoto wa namna hii kama mvivu, na maneno yale hayakuwa ya haki.

Sasa twende kwa Nehemia. Mtu huyu alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani, mbali sana na nchi ya baba zake. Katika mwezi wa Kisleu ndugu yake Hanani alifika pamoja na watu wengine kutoka Yuda, wakampa habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yake yameteketea kwa moto. Nehemia aliketi akalia, akafunga, akaomba. Halafu sura ya pili yaanza, nayo tayari ni mwezi wa Nisani. Msomaji mwenye haraka hufunua ukurasa asione kitu. Lakini kutoka Kisleu hadi Nisani ni miezi minne. Kwa hesabu yetu Kisleu huangukia Novemba na Desemba, na Nisani ni Machi na Aprili. Tazameni basi: karibu ni majira yale yale ambayo watoto wetu hutoka katika mtihani, wakangoja matokeo, wakaomba vyuo, wakaanza kungoja tena.

Juu ya miezi ile minne Biblia haisemi neno. Lakini yatuonyesha jinsi ilivyotumiwa, tena kwa njia inayonifurahisha kila niisomapo. Siku moja mfalme alimwona Nehemia ana uso wa huzuni, akamwuliza sababu. Nehemia aliogopa sana. Mfalme akamwuliza ataka nini. Pale pale aliomba kwa Mungu wa mbinguni, ombi fupi kama pumzi moja, kisha akajibu. Na jibu lake, ndugu zangu, si la mtu aliyeshtukizwa. Mfalme, naye malkia akiwa ameketi karibu, amwuliza safari yake itachukua muda gani. Nehemia ampa muda. Aomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, wampe ruhusa ya kupita. Aomba barua nyingine kwa Asafu, mtunzaji wa msitu wa mfalme, ili apewe miti ya mihimili: kwa malango ya ngome, kwa ukuta wa mji, na kwa nyumba atakayokaa mwenyewe. Mwenye msitu amjua kwa jina. Miti ameigawa mafungu matatu. Habari ya vizuizi vya njiani ameifikiri. Mambo kama hayo mtu hayaokoti mbele ya mfalme kwa dakika moja. Miezi ile minne alikuwa akihesabu.

Tena alikuwa akishika kazi yake. Kikombe kilikwenda mezani kwa mfalme kila siku. Hakujifungia chumbani akasema, sitashika kikombe mpaka nijue kama nitakwenda Yerusalemu ama sitakwenda.

Kijana unayengoja kusomea uhandisi, nataka kukupa mfano kutoka katika kazi unayoitamani. Fundi akimaliza kumwaga zege, mtu asiyejua hudhani kazi imekwisha na sasa ni kungoja tu likauke. Sivyo. Zege halipati nguvu kwa kukauka. Lapata nguvu kwa saruji kushikana na maji, na jua likiyanyonya maji mapema, zege hupasuka na kubaki dhaifu. Ndiyo sababu fundi mwema hulifunika kwa magunia na kulimwagilia asubuhi na jioni. Wahandisi hupima nguvu zake siku ya 7, kisha siku ya 28, na hiyo ya 28 ndiyo huandikwa katika vitabu vyao. Kwa macho, zege la siku 3 na zege la siku 28 ni jiwe lile lile la kijivu. Ukilitwika mzigo wa ghorofa ndipo utakapojua ni siku ya ngapi, na kama aliyelimwaga alirudi na ndoo ya maji au alikwenda zake.

Ndoo ya maji ni nini kwako? Kwa mmoja ni kufungua tena daftari la hisabati, hata kama mtihani umekwisha, kwa sababu mwaka wa kwanza wa uhandisi hisabati haina huruma kwa aliyesahau. Kwa mwingine ni kwenda kwa fundi wa umeme au mchomeleaji pale kituoni, kumwomba akae karibu naye, kubeba vyuma, kufagia, kuuliza maswali. Nimewaona wahandisi wenye shahada wasioweza kushika bisibisi, na nimemwona kijana aliyengoja miezi sita gereji, ambaye alipofika chuoni alijua chuma kinavyolia kabla hakijakatika. Kwa mwingine ni kumsaidia mama shambani, kufundisha watoto wa shule ya Jumapili, na kulala usingizi wa kutosha. Msidharau usingizi. Kijana anayeamka saa nane za usiku kutazama simu ataona kile kile alichokiona saa sita.

Wapo baba na mama kati yetu wanaojua habari ya kungoja kuliko watoto hawa. Baada ya mambo ya tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Vijana waliokwisha kushika njia ya kuingia walibaki nyumbani wasijue ni lini, wala kama itakuwako lini. Na hata katika miaka ya 2000, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne aliweza kukaa karibu miaka miwili kabla ya kuingia chuo cha serikali. Walifanya nini watu wale? Wengi walifundisha shule za karibu bila cheti cha ualimu, wakalipwa kidogo. Wengine walilima, wengine waliuza mitumba. Muulizeni mmoja wao leo ni mwaka gani alijifunza kusimama mbele ya watu, au kuitunza shilingi. Mara nyingi atautaja mwaka ule ambao wakati huo aliuona umepotea.

Sasa, mama mpendwa, swali lako.

Wengi wetu huomba hivi: Bwana, mpe mwanangu nafasi ile. Kumwambia Mungu haja yetu kwa jina lake si kosa. Nehemia naye alifanya hivyo. Lakini nafasi zina hesabu. Tuseme kozi ina viti 60. Mtoto wa 60 akiketi, mtoto wa 61 amesimama nje. Na huyo wa 61 ana mama. Pengine mama huyo yuko Kitui, au Busia, au Garissa, naye yuko magotini saa hii hii, akimlilia Bwana yule yule kwa ajili ya kiti kile kile. Mtoto wetu akipata nasi tukasimama kanisani kushuhudia kwamba Mungu ametujibu, tutasemaje juu ya yule mama mwingine? Kwamba hakujibiwa? Kwamba imani yake ilikuwa ndogo? Mhubiri awezaye kulipa swali hili jibu jepesi, mimi ningemwogopa.

Ninaloliona ni hili. Mtihani umekwisha kusahihishwa. Hesabu zimekwisha kufanywa, au zafanywa na mitambo isiyojua mtoto wa nani ni nani. Kumwomba Mungu aukoroge mstari ili mtoto wangu amruke mtoto wa mwingine aliyemzidi ni kumtaka Mungu apokee hongo, na hongo yenyewe ni machozi yetu na fungu la kumi. Hatafanya hivyo. Tena tushukuru kwamba hatafanya, maana kuna mwenye machozi mengi kuliko yetu.

Nehemia aliombaje? Rudini kwenye sura ya kwanza mkaisome polepole leo usiku. Ombi lake ni refu, na karibu lote si juu yake mwenyewe. Amtaja Mungu, ataja dhambi za watu wake na za nyumba ya baba yake. Mwisho kabisa, kama mtu anayeweka kikombe mezani, aomba apewe kibali mbele ya mtu huyu, yaani mfalme. Kibali hakikuwa shabaha. Shabaha ilikuwa ukuta.

Basi mwulize mwanao, si kwa ukali, bali mkiwa mmeketi: uhandisi huu, mwanangu, ni kwa ajili ya ukuta gani? Labda hajawahi kuulizwa. Ameulizwa gredi, ameulizwa chuo, ameulizwa mshahara. Na magofu tunayo. Aprili 2016, pale Huruma, Nairobi, nyumba ya ghorofa iliwaangukia watu usiku wa mvua, wakafa zaidi ya 40. Mei 2018, bwawa lilipasuka Solai, katika kaunti ya Nakuru, maji yakashuka kwa watu walio majumbani mwao jioni, wakafa pia zaidi ya 40. Katika mafuriko ya mwaka 2024 tuliona barabara na madaraja yakienda na maji. Mtoto anayetaka kusomea uhandisi kwa sababu amewaona watu hao, ameanza kuomba kama Nehemia hata kabla hajafumba macho. Na mtoto akikujibu kwamba hana ukuta wowote, ataka tu kuitwa injinia, usimcheke. Hiyo nayo ni habari ya kuifahamu mapema, kabla hajaingia katika masomo ya miaka mitano.

Hapo ndipo tunaelewa kwa nini lango la kazi hii ni jembamba. Daktari akikosea, mara nyingi mgonjwa ni mmoja. Mhandisi akikosea hesabu ya nguzo, wanaolipa ni watu waliolala. Kwa hiyo si uonevu kwamba hisabati na fizikia zaulizwa kwa ukali, na si uonevu kwamba baada ya shahada bado kuna Bodi ya Wahandisi ya Kenya, ambayo lazima imsajili mtu kabla hajafanya kazi kwa jina la uhandisi. Nanyi mnaochagua kozi, angalieni sana kama kozi ile yatambuliwa na Bodi hiyo. Wamekuwako vijana waliosoma miaka mitano, wakavaa joho, wazazi wakachinja, kisha wakakuta mlango wa usajili umefungwa kwa sababu ya kozi waliyosomea. Kuuliza ni bure, na majina ya kozi zinazotambuliwa hutolewa kwa watu wote kuyaona.

Jambo jingine nitalisema kwa ufupi, kwa kuwa laniudhi. Katika miezi hii ya kungoja wako watu wanaopiga simu: nipe elfu kadhaa, nina mtu wangu ofisini, mtoto wako ataingia uhandisi. Ni wezi. Na wako wengine, nalisema hili kwa huzuni, wenye Biblia kwapani, wanaouza mafuta na maombi ya kuitwa chuo kikuu, bei yake yategemea kozi. Kama mtu ameingia uhandisi kwa mlango wa nyuma, je, ungependa kulala chini ya dari yake?

Tena kuna maneno ya mezani. Mzazi, kijana wako haisikii sana sala unayosema chumbani mwako, lakini kila unalosema mbele ya sahani analisikia. "Mtoto wa fulani yeye tayari anajua anakokwenda." "Ng'ombe yule tulimwuza kwa ajili yako." "Usituaibishe." Wengine wetu tumekwisha kumwita injinia mbele ya kanisa zima, kabla hajaitwa na chuo chochote. Tumewaambia shangazi, wajomba na majirani, tumeanza hata kupanga siku ya harambee. Hatukukusudia ubaya. Lakini fikirini mzigo huo: kijana wa miaka kumi na minane ambaye, akikosa nafasi, ataona amewaangusha watu mia mbili kwa siku moja. Ndipo hutokea mlango wa nyuma akisikia hodi. Na wako vijana ambao, mzigo ukizidi, hufikiri hata kuuacha uhai. Kama mwanao amenyamaza kupita desturi yake, hali, halali, agawa vitu vyake, usingoje matokeo ya chuo. Mwendee leo. Mwite mchungaji, mpeleke kwa daktari, kaa naye. Kiti cha chuo chaweza kungoja mwaka mwingine.

Nawe kijana, kama ni wewe, mwambie mtu mmoja. Nehemia, mtumishi wa mfalme, alionekana na huzuni usoni mbele ya bwana wake, nalo lilikuwa jambo la hatari katika nyumba ile. Alipoulizwa, hakusema ni uchovu tu. Alieleza.

Je, akikosa? Wengi hawapendi tuseme jambo hili kabla ya matokeo, wakidhani ni kukosa imani. Lakini mjenzi ahesabuye gharama hahesabu ile ya furaha peke yake. Kwanza, baada ya nafasi kutangazwa huwa kuna muda wa kuomba uhamisho, na waliokosa yale waliyochagua hupewa nafasi ya kuchagua upya katika kozi zilizobaki. Mtu aliyekata tamaa siku ya kwanza huupita muda huo akiwa kitandani. Pili, chuo kikuu si mlango peke yake wa kazi hii. Kenya Polytechnic ilianza mwaka 1961, na leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Vile vile Mombasa. Kisumu, Eldoret na Kabete zina vyuo vya taifa vya ufundi. Diploma ya uhandisi huanzia gredi ya C- katika mtihani wa kidato cha nne, na wenye diploma wana bodi yao ya kuwasajili, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Wengine huanzia huko, baadaye wakaingia shahada wakiwa na mikono iliyokwisha kujua kazi. Siwaambii haya kama mtu anayempa mtoto peremende ili anyamaze. Nchi ina njaa ya mafundi wa kweli, na kila mwenye bomba lililopasuka alijua hilo.

Someni sura ya tatu ya Nehemia, ile ambayo wasomaji wengi huiruka kwa kuwa ina majina matupu. Ni orodha ya waliojenga ukuta, kila mmoja na sehemu yake. Wamo wafua dhahabu, wamo watengenezaji wa manukato, wamo wafanya biashara. Yumo Shalumu, mkuu wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, yeye pamoja na binti zake. Na wasichana mnaoambiwa kwamba uhandisi si kazi yenu, wekeni alama pale. Na kuna Lango la Jaa, mahali pa kutolea takataka za mji. Hilo nalo lilikuwa na mjenzi, jina lake Malkiya, tena alikuwa mkuu wa mtaa. Alilijenga, akaisimamisha milango yake, akatia na vyuma vyake na mapingo. Ukuta wote ulikwisha kwa siku 52, na kama Malkiya angekataa kwa sababu alitaka Lango la Kondoo, adui angepitia kwake.

Siku itafika. Pengine ujumbe utaingia kwenye simu saa za mchana, mtoto akiwa sokoni. Akipata, furahini, pigeni vigelegele. Ni haki yenu. Lakini kabla ya kuupeleka ushuhuda kanisani Jumapili, tazameni benchi la nyuma ni nani ameketi hapo, na nendeni kwake Jumamosi. Akikosa, mama, siku hiyo usimhubirie. Mpikie. Baba asitafute maneno makubwa. Na aketi naye tu, hata kama ni kutengeneza pamoja ule mlango wa banda uliolegea tangu Krismasi. Kesho yake ndipo mchukue karatasi na kalamu, mwanze kuhesabu miti.

Na tuombe.

Ee Mungu, wewe ujuaye majina ya wote walio katika mstari, tunawataja mbele zako watoto wetu wanaongoja, na wale wa jirani, na yule tusiyemjua ambaye ameomba kiti kile kile alichoomba mtoto wetu. Wape usingizi usiku huu. Waliokata tamaa, watie watu karibu nao kabla ya asubuhi. Wanaosahihisha na wanaogawa nafasi, uwape mikono safi. Nasi wazazi, utulinde ndimi zetu mezani. Kwa jina la Yesu Kristo, aliyeshika randa na msumeno huko Nazareti. Amina.